Supu ya Baba, Chai ya Watoto

Pita saa moja asubuhi katika mtaa wowote wa Kariakoo, Buguruni au Temeke, utawakuta wanaume wameketi kwenye mabenchi marefu, kila mmoja na bakuli lake mbele yake. Mvuke unapanda, ndimu inakamuliwa, pilipili inachotwa kwa ncha ya kijiko, chapati inakatwa kwa vidole na kuchovywa. Wamo wanaokwenda maofisini, wamo wachukuzi wa mizigo ya sokoni, wamo mafundi, na wamo masheikh wetu waliotoka kuswalisha alfajiri. Mazungumzo ni matamu kama chakula chenyewe. Hakuna anayekula peke yake, na hakuna anayeondoka na njaa.

Sina ugomvi na supu hiyo, na ningependa jambo hili lieleweke tangu mwanzo. Supu ya kongoro haitaki haraka. Mpishi huibandika usiku wa manane, kwa moto wa taratibu na maji mengi, akatia tangawizi iliyotwangwa na chumvi, akaiacha mpaka ute wa mifupa utoke na mchuzi uanze kunata midomoni. Huyo ni fundi, na ujira wake ni halali yake. Wala kula kizuri si upungufu wa uchamungu, ingawa wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba mja mwema ni yule anayekula makavu na kununa. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alipenda vitu vitamu na asali. Katika nyama ya kondoo alipenda mkono. Na Anas bin Malik (r.a.) alifuatana naye katika mwaliko wa fundi cherehani mmoja, akamwona akiyatafuta mapande ya mung'unye pembeni mwa chombo, na tangu siku ile Anas mwenyewe akawa anaupenda mung'unye. Hizo ni habari zilizomo katika vitabu sahihi vya hadithi, na zinatuonyesha mtu aliyekijua chakula kizuri na kukifurahia.

Kwa hiyo suala si kama inafaa kula vizuri. Suala ni nani yupo pale tunapokula vizuri, na nani hayupo.

Saa hiyo hiyo ya asubuhi, nyumbani kwa yule aliyeinamia bakuli, watoto wanakunywa chai ya mkandaa kwa andazi moja moja, au kwa kiporo cha jana kilichopashwa moto. Mkubwa anaharakishwa asichelewe shule. Mdogo anauliza kama kuna kingine. Mama yao, aghalabu, amekunywa chai tupu akiwa amesimama. Wala sizungumzii nyumba za mafukara. Nazungumzia nyumba ambazo baba ana kazi, ana simu nzuri, na kila siku ya kazi anapita kwenye benchi lile kabla ya kufika anakokwenda.

Tuchukue mfano wa hesabu. Msomaji naye aweke bei za mtaa wake. Bakuli la supu liwe shilingi 3,000 na chapati mbili shilingi 1,000. Kwa siku sita za juma ni shilingi 24,000, na kwa majuma manne ni shilingi 96,000. Sasa ikiwa kilo moja ya nyama, kilo moja na nusu ya mchele, viungo, mafuta, vitunguu na mkaa vitagharimu shilingi 24,000, basi supu ya mtu mmoja kwa mwezi ni sawa na pilau ya watu sita mara nne. Kila juma mara moja, nyumba nzima ingekula nyama ikashiba, na hakuna ambaye angehitaji kutafuta kazi ya pili.

Najua litakalojibiwa. Mwanamume atasema kuwa anatoka gizani, kazi yake ni ya nguvu, hawezi kubeba magunia kwa chai tupu. Ni kweli, na mwenye kazi ya namna hiyo ana udhuru wake. Lakini wengi wa walioketi pale hawabebi magunia. Mimi mwenyewe nafanya kazi ya kalamu, na kalamu haijapata kumshinda mtu aliyekunywa chai.

Katika kamati ya msikiti wetu kazi yangu ni kuandika. Wanandoa wanapokuja kwa imamu baada ya swala ya Isha kutaka suluhu, mimi ndiye ninayeshika daftari. Nimeandika mengi ambayo hayapaswi kutoka katika chumba kile, nami sitayatoa. Ila ipo aina moja ya shauri ambayo imekuja zaidi ya mara moja, kwa watu tofauti na kwa maneno yanayokaribiana, kiasi kwamba kuieleza si kumtaja mtu. Mke analeta malalamiko. Akiulizwa kama anapigwa, anasema hapana. Kama anatukanwa, hapana. Ada ya watoto inalipwa, kodi ya nyumba inalipwa, na kila asubuhi hela ya mboga huachwa mezani. Basi tatizo ni nini? Tatizo ni kuwa mume hali nyumbani. Anarudi saa mbili au saa tatu za usiku, anafunua kawa, anaonja tonge mbili kwa ajili ya heshima, anasema ameshiba, anakwenda kulala. Na shati lake, ambalo mke ndiye anayelifua, linanukia moshi wa mishkaki.

Mmoja alisema kwamba yeye na wanawe hawajaonja nyama tangu Idi. Hakulia. Aliisema kama mtu anayetaja tarehe.

Mume katika mashauri hayo aghalabu hushangaa, na mshangao wake si wa kuigiza. Kwa hesabu yake yeye ni mtu mwema: ametoa matumizi, hajamnyima mtu. Chakula cha nje anakihesabu kama nauli, kitu kinachotokea njiani na kwisha njiani. Hajawahi kuziweka sahani mbili pamoja akilini, ile anayokula yeye saa kumi na mbili jioni na ile wanayokula wanawe saa moja na nusu. Imamu wetu, ambaye ni mtu mzima na hana pupa ya maneno, humwita mwanangu, kisha humkumbusha hadithi ya Muawiya bin Hayda (r.a.), iliyopokewa na Abu Daud. Sahaba huyo aliuliza haki ya mke juu ya mumewe ni ipi, na jibu la kwanza alilopewa lilikuwa ni amlishe pale anapokula yeye, na amvishe pale anapojivisha. Imamu husimama hapo. Anayetafakari ataona kwamba kipimo kilichowekwa katika jibu lile ni chakula cha mume mwenyewe. Haikutajwa pishi wala kibaba. Ukila maharage, maharage. Ukila kuku, kuku.

Tena isidhaniwe kuwa mke anayelalamikia chakula ni mke mwenye tamaa. Hindi bint Utba (r.a.), aliyekuwa mke wa Abu Sufyan, alimwendea Mtume (s.a.w.) kumshitaki mumewe kwa ubahili, kwamba hampi kinachomtosha yeye na mwanawe. Hakukemewa kwa kuisema siri ya nyumba. Aliruhusiwa kuchukua katika mali ya mumewe kile kinachowatosha kwa wema. Hukumu hii imo katika Bukhari na Muslim, na mafakihi wameijengea milango mizima ya matumizi ya mke.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote katika jambo hili ni kifupi zaidi, na nastaajabu kuwa hakisomwi sana mimbarini. Kimo katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Anas. Mtume (s.a.w.) alikuwa na jirani Mfursi, hodari wa kupika maraq. Maraq ni mchuzi wa nyama, ndugu wa toka nitoke wa hii supu yetu. Siku moja jirani huyo alipika, akaja kumwalika. Mtume (s.a.w.) akaashiria kwa Bi Aisha (r.a.), akauliza kama naye amealikwa. Jirani akasema hapana. Basi Mtume naye akakataa. Jirani akaondoka, akarudi kualika mara ya pili. Swali likawa lile lile, jibu lile lile, na mwaliko ukakataliwa tena. Mara ya tatu jirani akakubali. Ndipo wakainuka wote wawili, wakafuatana mpaka nyumbani kwake.

Imam an-Nawawi, katika kuisherehesha hadithi hii, ameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alichukia kujihusisha na chakula kile bila ya mkewe, na akalihesabu jambo hilo kuwa ni katika uzuri wa kuishi na watu wa nyumbani. Mimi huwa naifikiria ile mara ya pili. Mara ya kwanza mtu anaweza kukataa kwa adabu tu. Kukataa mara ya pili, harufu ya mchuzi ikiwa inavuka ukuta, ni jambo jingine.

Basi na tuwachukue watu wetu twende nao. Sisemi kila juma. Kwa kipato cha walio wengi, mara moja kwa mwezi au kwa miezi miwili yatosha, na itakumbukwa zaidi. Wanawake wengi wa mitaa yetu wamepika maelfu ya sahani bila ya kuletewa sahani moja wakiwa wameketi. Ukimwalika mkeo hotelini, jawabu la kwanza pengine litakuwa ni kwa nini tupoteze pesa, nipe hiyo hela nipike mwenyewe. Usilichukue jawabu hilo kuwa ndilo la mwisho.

Yapo ya kutazamwa. Chagua hoteli iliyo karibu na msikiti, ili Magharibi isiwapite mkisubiri kuku. Usiwapeleke jioni ya mechi kubwa ya mpira, kwa maana hoteli nzima itakuwa imesimama ikipiga kelele, na mama watoto hatapata pa kutazama. Mwache yeye ndiye achague meza. Mwanamke anayevaa nikabu hali kwa raha mpaka apate kiti kinachoelekea ukutani, nyuma yake akikaa mume au mtoto mkubwa. Jambo hili ni dogo kwa mwanamume na ni kubwa kwake. Hoteli kadhaa za Pwani zina chumba cha familia chenye pazia, na mwenye hoteli asiyekuwa nacho anaweza kukitengeneza kwa pazia moja na meza tatu. Nadhani angeipata faida yake mapema.

Kisha uliza. Kuuliza kuku amechinjwa na nani, au nyama imenunuliwa bucha gani, si ukorofi, na mwuzaji mkweli hujibu bila ya kununa. Mahali panapopikwa nguruwe, swali si la sahani yako tu, bali pia la jiko, kisu na mafuta. Kuhusu mafuta, hata asiyejua fiqhi ana macho: mafuta ya chipsi yaliyopigwa siku nyingi huwa meusi, hutoa povu, na moshi wake huwasha koo. Kachumbari iliyokatwa asubuhi na kuachwa wazi jioni hailiwi kwa sababu tu imekuja bure na wali.

Na katika kuagiza, si lazima kila mtu awe na sahani yake iliyojaa. Biriani mbili, samaki mmoja wa kupaka, na chapati kadhaa katikati ya meza huwatosha watu watano, na kila mmoja ameonja vyote. Mwache mtoto amwambie mhudumu mwenyewe anachotaka, kwa sauti ya kusikika na kwa neno la tafadhali; amwite kaka au dada, asimwite kwa kupiga vidole. Kilichobaki kifungwe mwende nacho nyumbani. Wapo wanaoona haya kufungiwa mabaki, ilhali hawaoni haya kuyaacha yamwagwe.

Walioko Unguja wana neema ambayo sisi wa Dar es Salaam tunaionea ghera. Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa na mfuko wa Aga Khan wa utamaduni, ni mahali ambapo familia inaweza kula vizuri bila ya kuta wala viti. Baada ya Magharibi moshi wa majiko unapanda, miwa inasagwa pamoja na ndimu na tangawizi, pweza anakatwa vipande, chapati za mayai na nyama zinakunjwa juu ya chuma cha moto, na akina mama wamekaa ukingoni na watoto wao wakitazama bahari. Ushauri wangu ni mmoja tu: samaki aliyepangwa mezani kwa urembo tangu jua halijatua, mwache apigwe picha na wageni, wewe agiza kinachotoka motoni, au bakuli la urojo lenye bajia, kachori na viazi, lililochanganywa mbele yako. Mombasa nako wanajua mambo haya, kwa viazi vyao vya karai na ukwaju.

Na asiye na uwezo wa kuwapeleka watu sita hotelini asikate tamaa, kwani lipo jambo rahisi ambalo wazee wetu walilifanya sana. Chukua hotipoti ya nyumbani, nenda nayo Jumamosi asubuhi kwa yule yule fundi wa supu, mwambie akujazie. Atakupa mchuzi wa ziada, maana mteja mwenye chombo hupendwa. Chapati zipikwe nyumbani. Mtoto wa miaka saba atakapoionja supu ambayo baba yake amekuwa akiinywa miaka yote, angalia uso wake.

Sasa tugeukie jikoni kwetu, kwa sababu hoteli hata iwe nzuri vipi ni ya siku moja, na nyumba ni ya kila siku. Husemwa kwamba fulani hali nyumbani kwa kuwa mkewe hajui kupika kama wa hotelini. Maneno haya hayana insafu. Mpishi wa hoteli ana moto mkubwa, mafuta hayapimwi kwa kijiko, ana vijana wawili wa kumenya vitunguu, na ameanza tangu alfajiri. Mama wa nyumbani ameachiwa shilingi 5,000 mezani, amerudi kutoka kwenye biashara yake saa kumi na moja, kuni ni mbichi au gesi iko ukingoni, na ana mtoto mgongoni. Mpe mafungu yale yale na muda ule ule, kisha ndipo uwalinganishe.

Tuseme ni Jumapili na mmekusudia pilau. Baba aende sokoni mwenyewe. Anunue mchele mzuri, ikiwezekana wa Kyela wenye harufu yake. Nyama yenye mfupa na mafuta kidogo. Kitunguu maji, thomu, tangawizi, viazi. Na viungo vizima, si vya kusagwa vilivyokaa dukani mpaka vikapoteza harufu. Bizari nyembamba ndiyo iwe nyingi, kisha iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu chache. Mtoto mmoja atwange viungo kwenye kinu kidogo, mwingine apepete na kuchagua mchele, mwingine amenye viazi. Nyama ichemshwe mapema kwa chumvi, thomu na tangawizi, na mchuzi wake usimwagwe, kwa maana huo ndio roho ya pilau.

Vitunguu ndivyo vinavyotaka subira. Vikaangwe kwa mafuta ya kutosha mpaka viwe na rangi ya tende mbivu, wala visipite hapo, kwani kitunguu kilichoungua kitachukiza sufuria nzima. Ndipo vitiwe thomu na tangawizi, viungo, nyama na viazi. Vigeuzwe mpaka harufu imfikie jirani. Kisha mchuzi umiminwe, na ukichemka utiwe mchele uliooshwa na kuroweka. Maji yakikauka moto upunguzwe, na makaa yapaliwe juu ya kifuniko. Wapo wanaotia nyanya. Pwani wengi hatutii, na katika hili mimi ni mshupavu.

Wakati pilau imepaliwa, hakuna la kufanya isipokuwa kukata kachumbari na kukaa. Hiyo dakika ishirini ya kukaa pamoja jikoni, baba akiwa kwenye kibao cha mbuzi au juu ya ndoo iliyopinduliwa, haipatikani katika hoteli yoyote. Na sufuria ikipakuliwa, ukoko ni wa watoto. Wagombanie kidogo.

Kikiletwa chakula, kiletwe katika sinia moja. Masahaba fulani walimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba wanakula na hawashibi. Akawauliza iwapo pengine wanakula mmoja mmoja. Wakasema ndivyo. Akawaelekeza wakusanyike juu ya chakula chao na wamtaje Allah, nao watabarikiwa. Hadithi hii ni ya Wahshi bin Harb (r.a.), nayo imepokewa na Abu Daud. Katika nyumba zetu za leo kila mtu ana saa yake: kijana anakuja na chipsi zake katika karatasi na kuingia nazo chumbani, binti anakula akitazama simu, baba ameshiba tayari, mama anakula mwisho kabisa, akikwangua sufuria.

Kila mtoto wa madrasa anaihifadhi adabu ya kula: taja jina la Allah, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako. Aliyefundishwa maneno hayo alikuwa ni Umar bin Abi Salama (r.a.), mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), wakati mkono wake ulipokuwa ukizunguka huku na huku katika chombo. Tuangalie mahali lilipotolewa somo. Mkubwa na mdogo walikuwa na mikono yao katika chombo kimoja. Mkubwa aliuona mkono wa mdogo ukitangatanga. Baba anayekula benchi la Kariakoo hawezi kuuona mkono wa mwanawe, hata akimlipia ada ya madrasa mwaka mzima.

Kwa mila zetu firigisi ya kuku ni ya baba, na sina nia ya kuipiga vita mila hiyo. Namjua mzee mmoja jirani yetu ambaye kila akiletewa firigisi huikata kwa kucha zake vipande vidogo kiasi cha punje ya mahindi, akampa kila mjukuu kipande. Haimshibishi mtu. Wajukuu hao, hata walioolewa mbali, wakija kwake humwuliza kwanza kuhusu kuku. Na kuhusu mpishi, itoshe kusema kuwa Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia chakula ila: akikitamani alikula, asipokitamani alikiacha. Anayeona chumvi imezidi akae kimya siku hiyo. Chumvi ikiwa sawa, aseme.

Lipo benchi jingine, na hili liko katika mikono yetu sisi wa kamati. Katika misikiti mingi, futari ya pamoja ya Ramadhani inapoandaliwa, masinia hutoka jikoni kwa mlango wa wanaume. Huko huenda tambi, kaimati, mihogo ya nazi na wali wenye nyama juu. Upande wa kina mama, ambako ndiko waliko wengi wa waliopika, sinia hufika Magharibi imekwisha kuswaliwa, nyama ni ya kutafuta kwa tochi, na watoto wamekwisha kulala mapajani. Hakuna aliyekusudia. Ni mlango tu uliokuwa karibu.

Kwetu tulilizungumza jambo hili katika kikao cha Shaaban, tukaamua masinia yapakuliwe mawili mawili, moja la wanaume na moja la wanawake, na yatoke pamoja kwa milango yote miwili kabla ya adhana. Kila sinia ni la watu watano. Nyama inahesabiwa kabla ya kufunikwa, vipande kumi kwa sinia, mbele yangu na mbele ya mama msimamizi wa jiko. Usiku wa kwanza alivihesabu mara mbili. Usiku wa pili alihesabu mara moja, akafunika, akaniambia niandike.